Kwa nini iafoni anazozisifu mwenzako wewe huzipendi?

Watu wawili wanaweza kuvaa iafoni zile zile, kwenye simu ile ile, wakasikiliza wimbo ule ule, na kila mmoja akawa na lake la kusema. Mmoja atasema sauti ni tamu na imejaa. Mwingine atazivua baada ya dakika mbili na kusema zinaziba, maneno hayasikiki vizuri. Wote wawili wanasema kweli. Sauti iliyotoka kwenye simu ni moja, lakini kila mmoja ameisikia kwa masikio yake, umri wake na mazoea yake.

Jambo hili linamgusa moja kwa moja msikilizaji anayefuata redio kwa simu. Wengi hununua iafoni kwa kuambiwa: na muuzaji mnadani, na fundi simu, au na rafiki aliyezinunua wiki iliyopita. Pakiti ikishafunguliwa, ni nadra kurudishiwa pesa. Ukijua sehemu gani ya sauti nzuri ni ladha ya mtu na sehemu gani ni ubora au ubovu wa kifaa, utajua pia ni ushauri upi wa kufuata na upi wa kuusikiliza tu.

Katika makala haya, iafoni ni zile ndogo zinazoingia ndani ya tundu la sikio, ziwe za waya au za Bluetooth. Kuna wanaoziita hedifoni, na kuna wanaoziita visikizi.

Besi, sauti ya kati na sauti nyembamba

Sauti ni mtetemo wa hewa. Mitetemo michache kwa sekunde huleta sauti nzito, mingi huleta sauti nyembamba. Idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa hezi; ndilo neno lililomo ndani ya "megahezi" unayoisikia redio inapotaja masafa yake. Sikio la kijana lenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi kama hezi 20,000.

Kwa kurahisisha, tugawe sauti hizo katika mafungu matatu.

Fungu la chini ni besi, kuanzia hezi 20 hadi kama 250. Humo mna ngoma kubwa, gitaa la besi na mngurumo wa lori.

Fungu la kati ni kuanzia hezi 250 hadi kama 4,000. Hapa ndipo penye sehemu kubwa ya maneno ya binadamu, pamoja na gitaa, akodiani na vinanda. Simu za kawaida za miaka mingi zilipitisha kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu, na bado watu walielewana.

Fungu la juu ni sauti nyembamba. Humo mna mlio wa "s", "sh" na "f", kayamba, matoazi na sauti za ndege.

Hakuna iafoni inayopitisha mafungu yote kwa usawa kamili. Kila mtengenezaji huchagua nini akiinue na nini akishushe. Akiinua besi, ngoma itapiga kwa nguvu lakini inaweza kufunika maneno. Akiinua sauti nyembamba, kila kitu kitasikika wazi, lakini herufi "s" zinaweza kuchoma sikio. Huo ndio uamuzi unaoupokea unaponunua iafoni, na ladha yako ama itaelewana nao, ama itagombana nao.

Mifano miwili inajulikana sana duniani. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya Marekani, iliyoanzishwa na mhandisi Mead Killion, ilitoa iafoni za ER-4. Zilisifiwa kwa usahihi wake, lakini wapenda besi walizilalamikia kuwa zina sauti kavu. Mwaka 2008 zilitoka hedifoni za kwanza za Beats, zikiwa na besi nyingi. Wapo waliosema besi hiyo imezidi, lakini watu wengi mno walizinunua, na mwaka 2014 Apple iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3. Kuuzika sana ni jambo moja, na kuwa sahihi ni jambo jingine. Mnunuzi anaweza kutaka lolote kati ya hayo bila kukosea.

Masikio hayafanani

Kabla ya kuzungumzia ladha, tuanze na mwili wenyewe. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Mfano wake ni chupa: ukipuliza juu ya mdomo wa chupa, hutoa mlio wake maalumu, na chupa fupi hutoa mlio tofauti na ndefu. Tundu la sikio nalo lina mlio wake, na hukuza zaidi sauti zilizo karibu na hezi 3,000. Kwa kuwa matundu ya watu yanapishana kwa urefu, upana na mpindo, kila mtu hukuziwa sauti kwa namna yake. Iafoni inapoziba tundu hilo, hubadilisha hali hiyo tena, na mabadiliko hayo hayalingani kwa kila sikio.

Jambo la pili ni mpira mdogo wa mbele. Mpira ukikaa vizuri na kuziba tundu, besi hubaki ndani. Ukilegea, hata kwa upenyo mdogo, besi hutoroka na sauti hubaki kavu kama ya redio ndogo iliyoishiwa betri. Hapa ndipo watu wengi hukosea kutoa hukumu. Mmoja anasema iafoni hizi zina besi nzuri, mwingine anasema hazina besi kabisa, na tofauti yao ni saizi ya mpira tu. Ndiyo maana pakiti nyingi huja na mipira ya saizi tatu. Mtu mmoja anaweza hata kuhitaji saizi moja sikio la kulia na nyingine sikio la kushoto.

Jambo la tatu ni umri. Kadiri miaka inavyokwenda, uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua polepole. Mzee wa miaka 65 na mjukuu wake wa miaka 15 hawasikii wimbo mmoja kwa namna moja. Mlio mkali unaomkera mjukuu huenda babu hausikii kabisa. Iafoni ambazo mjukuu anasema zinachoma, babu anaweza kuona ndizo pekee zinazomfanya asikie maneno vizuri.

Jambo la nne ni kelele ambazo mtu amepitia. Aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga, kwenye msumeno wa injini au mbele ya spika kubwa za muziki anaweza kuwa amepoteza usikivu, hasa karibu na hezi 4,000. Mtu huyo anaposema iafoni fulani "zimefifia", huenda anaeleza hali ya masikio yake.

Mazoea nayo hufundisha sikio

Aliyezoea chai yenye vijiko vitatu vya sukari akipewa yenye kijiko kimoja atasema haina sukari. Akiinywa kwa wiki mbili, ataanza kuona ile ya kwanza ndiyo iliyozidi. Sauti nayo iko hivyo. Ukitoka kwenye iafoni zenye besi nyingi na kuvaa zenye besi ya wastani, dakika za mwanzo utaona zimepungukiwa. Baada ya siku chache ubongo huzoea, na ukirudi kwenye zile za zamani utaona zinavuma. Watu wengi hudhani iafoni mpya "zimefunguka" baada ya kutumika. Mara nyingi kilichobadilika ni masikio yaliyozizoea.

Muziki anaoupenda mtu nao una nguvu yake. Singeli huenda kwa kasi, mara nyingi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Besi ya iafoni ikiwa nzito na ya kuvuta, mapigo hayo huchanganyikana na kuwa mngurumo mmoja. Taarab ya fidla, kanuni na akodiani huishi zaidi kwenye fungu la kati, na pale mwimbaji anapovuta neno, msikilizaji hutaka kulisikia hadi mwisho wake. Kwaya yenye sauti nne huhitaji iafoni zitakazomtenganisha anayeimba besi na anayeimba sauti ya juu. Bongo fleva ya kuchezeka hutaka ngoma isikike wazi. Jozi moja ya iafoni inaweza kumfurahisha mmoja wa wasikilizaji hawa na kumchosha mwingine.

Kuna pia suala la mwili. Spika kubwa za harusini hupiga besi unayoihisi kifuani. Iafoni haziwezi kutikisa kifua. Mtu aliyezoea muziki wa spika hizo huongeza besi kwenye iafoni ili kufidia anachokikosa, na asiyezoea hashangai kitu.

Macho na bei husikia pia

Si masikio peke yake yanayohukumu. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu spika za kusikiliza, mara moja wakiziona na mara nyingine zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Walipoziona, watu walizipendelea zilizoonekana kubwa na za gharama; pazia liliposhushwa, upendeleo huo ulipungua. Waliosikiliza walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza spika, watu waliotarajiwa kutodanganywa na macho.

Bei nayo si kipimo cha kutegemea. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kulinganisha vipimo vya sauti vya aina 283 za hedifoni na iafoni na bei zake dukani. Hakukuta uhusiano wowote kati ya bei na namna kifaa kinavyogawa besi, sauti ya kati na sauti nyembamba. Bei inaweza kukuletea waya imara, betri ya kudumu, dhamana au umbo zuri. Kwamba sauti yenyewe itakupendeza zaidi, bei haikuhakikishii.

Kuna na hila ya sauti kubwa. Vifaa viwili vikilingana ubora, kile kinachopiga kwa sauti ya juu kidogo ndicho watu wengi watakachokisifu, hata kama hawajatambua kuwa kiko juu. Muuzaji anayejua hilo, au hata asiyejua, akikuongezea sauti kidogo unapojaribu zile za bei kubwa, utaziona bora.

Kuna kinachowaunganisha watu?

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kusema basi kila mtu na lake, hakuna iafoni nzuri wala mbaya. Utafiti hauungi mkono hilo.

Sean Olive na wenzake katika kampuni ya Harman ya Marekani walifanya majaribio kadhaa kwa njia ya kuficha. Msikilizaji alivaa kifaa kimoja tu, na kompyuta ikakibadilisha kiige sauti ya vifaa mbalimbali. Kwa njia hiyo hakujua jina, bei wala umbo la anachokihukumu. Jaribio moja lilihusisha watu 238 nchini Kanada, Marekani, China na Ujerumani, wa umri na uzoefu tofauti. Kwa wastani, walipendelea sauti ya aina moja: inayokaribiana na ile ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, isiyoinua wala kushusha fungu lolote kupita kiasi. Mwaka 2017 walichapisha jaribio la iafoni za ndani ya sikio: aina 30, wasikilizaji 71. Hapo pia watu walikubaliana kwa kiasi kikubwa ni zipi zina sauti nzuri na zipi zina sauti mbaya.

Tofauti za ladha hazikupotea. Katika uchambuzi wa mwaka 2018, uliohusu hedifoni za kukaa juu ya masikio, wasikilizaji walijigawa katika makundi matatu. Asilimia 64 waliridhika na ile sauti ya wastani. Asilimia 15 walitaka besi zaidi. Asilimia 21 walitaka besi pungufu, na katika kundi hili wanawake na watu wa zaidi ya miaka 50 walikuwa wengi kuliko katika makundi mengine. Jaribio jingine la watafiti hao lilionyesha kuwa vijana na wasio na uzoefu wa kusikiliza kwa makini huongeza besi na sauti nyembamba kuliko watu wazima wenye uzoefu.

Nchi nne zilizotajwa hapo juu hazimo Afrika, kwa hiyo asilimia hizo zisichukuliwe kama sheria kwa msikilizaji wa Kigoma au Kitui. Lakini picha kubwa inasaidia: kuna shina ambalo watu wengi hulikubali, na kuna matawi ambayo kila mtu hujichagulia. Matawi hayo zaidi ni kiasi cha besi na kiasi cha sauti nyembamba.

Yapi ni ubovu, wala si ladha

Mambo yafuatayo hayana uhusiano na ladha. Ukiyakuta, usikubali kuambiwa "utazoea".

- Upande mmoja uko kimya au uko chini kuliko mwingine, hata baada ya kubadilisha mpira na kufuta kichungi.
- Sauti inakwaruza au kupasuka hata ikiwa chini.
- Sauti inakatika unapotikisa waya karibu na plagi au karibu na sikio.
- Kuna mlio wa kuunguruma au kuvuma wakati hakuna kinachopigwa.
- Maneno ya msomaji wa habari hayaeleweki kabisa katika sauti ya kawaida.
- Iafoni zinaumiza sikio baada ya dakika chache.

Kuhusu redio ya FM kwenye simu, kuna jambo la kuzingatia. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa iafoni kama antena. Redio ikikoroma, huenda waya umejikunja au uko mahali pabaya, na iafoni hazina kosa. Unyooshe, usogee dirishani au nje, halafu ndipo uhukumu. Kwa simu za namna hiyo, iafoni za Bluetooth haziwezi kufanya kazi ya antena; utalazimika kuwa na za waya zilizochomekwa.

Kwa msikilizaji wa redio, maneno kwanza

Sehemu kubwa ya redio ni maneno: habari, bei za mazao, hali ya hewa, mahubiri, mpira wa miguu, maigizo. Sauti nzito ina tabia ya kufunika zilizo juu yake. Iafoni zenye besi nyingi mno zinaweza kufanya sauti ya mtangazaji wa kiume ivume, na zile herufi zinazotofautisha neno na neno zikapotea. Mtu anayetaka kusikia tofauti ya "sitini" na "sabini" katika bei ya mahindi hawezi kufurahia hilo.

Hivyo jiulize unasikiliza nini zaidi. Kama redio inachukua saa tatu za siku yako na muziki nusu saa, chagua kwa ajili ya redio. Kama ni kinyume chake, chagua kwa ajili ya muziki. Ushauri wa rafiki anayesikiliza muziki peke yake unaweza kuwa wa kweli kwake na ukakupotosha wewe.

Ukiambiwa "ni nzuri", uliza hivi

Maneno tunayotumia kuelezea sauti hayana kipimo kimoja. "Nzito" kwa mmoja ni sifa, kwa mwingine ni lawama. "Kali" inaweza kuwa wazi, na inaweza kuwa ya kuchoma. "Ina sauti" mara nyingi maana yake ni kwamba inapiga kwa nguvu tu. Kwa hiyo muulize anayekushauri maswali manne:

1. Wewe husikiliza nini zaidi, mazungumzo au muziki, na muziki gani?
2. Kabla ya hizi ulikuwa unatumia zipi?
3. Umeziweka mpira wa saizi gani, na zinakaa bila kudondoka?
4. Unazisikiliza wapi: nyumbani kimya, shambani, au ndani ya gari?

Majibu yake yakifanana na yako, ushauri wake una thamani kubwa. Yakitofautiana, punguza uzito wa sifa zake, lakini mshukuru, maana ameshakuonyesha kinachompendeza mtu wa aina yake.

Namna ya kujaribu kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji jozi ya kuonyeshea, na uifute mipira kwa kitambaa safi kabla ya kuivaa. Kisha fuata hatua hizi.

1. Tumia simu yako na sauti unazozijua. Weka tayari vitu vitatu: mazungumzo ya redio, wimbo mmoja unaoujua neno kwa neno, na wimbo mmoja wenye ngoma nzito.
2. Chagua mpira unaoziba bila kuumiza. Ukivaa vizuri, kelele za nje hupungua mara moja.
3. Anza sauti ikiwa chini kabisa, halafu pandisha hadi unapoelewa kila neno. Simama hapo.
4. Ukilinganisha jozi mbili, hakikisha mtangazaji anasikika kwa nguvu ile ile kwenye zote mbili.
5. Usiulize bei kwanza. Ukiweza, fumba macho na mwenzako akubadilishie jozi bila kukuambia ni ipi.
6. Usiamue katika dakika ya kwanza. Sikiliza angalau dakika kumi. Kinachong'aa mwanzoni ndicho mara nyingi kinachochosha baadaye.
7. Tikisa waya taratibu karibu na plagi. Sauti ikikatika, achana nazo.

Unachoweza kubadilisha bila kununua

Tayari unazo na hazikupendezi? Jaribu haya kabla ya kuzitupa.

Badilisha mpira. Ni tiba ya kwanza ya sauti kavu.

Safisha kichungi, kile kiwavu kidogo mbele ya iafoni. Nta ya sikio ikikiziba, sauti hushuka na upande mmoja huonekana umekufa. Futa kwa mswaki laini mkavu, uso wa iafoni ukiangalia chini ili uchafu udondoke nje. Usitie maji.

Tumia ikwalaiza. Simu nyingi za kisasa zinayo kwenye mipangilio ya sauti au ndani ya programu ya muziki. Kama besi imezidi, ishushe kidogo kidogo. Kushusha kinachokukera ni bora kuliko kupandisha vingine vyote, kwa sababu kupandisha sana huleta mkwaruzo. Pengine redio ya FM ya simu yako haitaathiriwa na ikwalaiza hiyo, jaribu uone.

Zipe muda. Kama kosa pekee ni kwamba ni tofauti na ulizozizoea, zisikilize wiki moja.

Ladha ina mpaka: usalama wa masikio

Kuna jambo moja ambalo ladha haina kauli nalo, nalo ni nguvu ya sauti. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 90 unabaki na kama saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango kilichoshauriwa ni desibeli 75. Shirika hilo linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako hatarini kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki na burudani.

Besi ndiyo inayowaponza wengi. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kuwa sauti ikiwa chini, sikio husikia besi kwa udhaifu kuliko sauti za kati. Ndiyo maana mpenda besi huvutwa kupandisha sauti yote ili apate ngoma anayoitaka. Njia salama ni kuacha sauti chini na kuongeza besi kidogo kwenye ikwalaiza, au kutafuta mpira unaoziba vizuri. Mpira huo pia hupunguza kelele za basi au mashine, ambazo hukufanya upandishe sauti bila kujua.

Kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja anazungumza nawe na humsikii, sauti iko juu mno. Masikio yakivuma au yakiwa mazito baada ya kusikiliza, yapumzishe, na hali ikiendelea nenda kituo cha afya. Ukiendesha baiskeli au pikipiki, au ukitembea kando ya barabara, zivue. Honi ya lori haina ladha.

Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Iafoni zisizokupendeza unaweza kumpa ndugu anayezipenda, na huenda akakushukuru kwa dhati, kwa sababu masikioni mwake ni nzuri kweli.